Mistari Kwenye Kaunta

Mikwaruzo ya jikoni haina adabu. Wa kisu unakwenda huku, wa sufuria unakwenda kule, na ule wa mtoto aliyeachwa na uma mkononi hauna hata mwelekeo. Kwa hiyo yule fundi alipolaza tochi yake ubavuni mwa kaunta ya nyumba ile, akaona mistari yote imeelekea upande mmoja, yote ina urefu wa kidole gumba, safu kwa safu kutoka ukutani mpaka kwenye sinki, alijua palepale kwamba hiyo si kazi ya kisu. Alijua. Naliweka hilo wazi mapema, maana baadaye alijitetea sana moyoni mwake, na moyo wake ukakataa kumsikiliza.

Watu walimwita Fundi Laini. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuondoa mikwaruzo kwenye kaunta za jikoni, zile mbao pana za kukatia vitunguu na kupangia vyombo. Alikuwa na maringo nayo. Wanaotengeneza makabati na vitanda, alisema, ni mafundi wa kuanza, yeye ni fundi wa kumaliza. Mteja akimwuliza kama kovu fulani litatoka, alijibu, "Mama, wewe niambie tu, litoke na kumbukumbu zake au nikuachie kumbukumbu?" Mteja akacheka, naye akawasha mashine.

Na vumbi la msasa hakulitupa hata siku moja. Kila nyumba aliyofanya kazi alilikusanya kwa brashi, akalitia kwenye kopo, akaandika rangi yake juu ya mfuniko: kahawia ya chai, nyekundu ya tofali, njano ya asali. Vumbi la mbao ukilichanganya na gundi linaziba ufa wa mbao yenye rangi hiyohiyo, mpaka mwenye macho yake apite asione kitu. Nyumbani kwake rafu nzima ilikuwa ya makopo. Binti yake alimtania kwamba baba ameoa upya, ameoa vumbi.

"Ni mama mkwe," mwanamke wa nyumba ile alimwambia kwa sauti ya chini, ingawa mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, kijiko mkononi. "Kila siku saa sita mchana, mstari mmoja. Ukimnyang'anya msumari anatafuta mwingine. Alikuwa msemaji huyu, fundi, mtaa mzima ulimjua kwa mdomo. Miaka hii maneno yamemwishia kidogo kidogo, sasa kabakiwa na mawili matatu. Daktari anasema ni ubongo."

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

Bibi alikuwa anaitazama mashine ya msasa, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyepotewa na akili. Fundi aliyaona hayo macho na akainama kutafuta soketi ya umeme.

Alipoanza, bibi akaanza naye. Kijiko juu ya mkono wa kiti, ko, ko, ko, bila kupumzika. "Mama, tulia!" mkamwana wake alisema. Ko, ko, ko. "Mama, jamani, tulia, tunaona aibu mbele ya mgeni." Mwishowe watu wa nyumba wakambeba na kiti chake wakamweka barazani, wakafunga mlango, naye akaendelea kugonga mlango. Fundi alivaa vile viziba masikio vyake vya kazi. Akaanza na msasa mkali, namba themanini, akaja wa kati, akalowesha mbao kwa kitambaa ili nyuzi zake zisimame, akamalizia na laini. Mistari ilitoka safu kwa safu. Ilikuwa imekwaruzwa kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja kwa pumzi moja, na yeye aliyejua kusoma mkono wa mtu kwenye mbao alitambua kwamba mkono huu haukuwa ukiharibu kitu. Ulikuwa ukikitunza. Lakini ameitwa kulainisha, na mtu aliyeitwa kulainisha analainisha.

Saa sita ilipofika alizima mashine anywe maji, akavua viziba masikio. Kugonga mlangoni kulikuwa kumekoma. Kutoka chini ya kaunta akasikia sauti ya bibi kizee inazungumza kwa mfululizo, maneno ya kawaida tu yasiyoungana, kisima, shangazi, ndoo, Jumatano, mkeka, asante, asante, na pamoja na sauti hiyo ikaja harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka muda huohuo, nzito na ya vuguvugu. Akafikiri ni redio ya jirani. Harufu hakuifikiria kabisa. Akakusanya vumbi, likajaa kopo zima, akaandika juu yake: kahawia ya chai.

Nyumbani kwa Fundi Laini kulikuwa na watu wawili tu. Mkewe alifariki binti yao akiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo binti ndiye aliyeijaza nyumba kwa sauti. Aliongea akipika, aliongea akifua, aliongea na chupa ya mafuta ikikataa kufunguka. Baba yake alimwita Redio, na jina likamganda. Alipokua akawa mwalimu wa chekechea, kazi aliyozaliwa nayo mdomoni, na watoto wa darasa lake walilia siku za Jumamosi kwa kuwa hawaendi shule. Fundi alimpenda binti huyu kupita kiasi. Akirudi jioni, mifupa inauma, aliweza kukaa kibarazani nusu saa bila kuingia ndani, anamsikiliza tu akigombana na sufuria.

Redio alijua na kazi pia. Baba alimfundisha utotoni, akiwa amesimama juu ya kigoda: msasa mkali kwanza, wa kati, laini, kila mara kufuata nyuzi za mbao. Na vumbi halitupwi.

Wiki mbili baada ya kazi ya nyumba ya bibi, Redio aliangusha kisu kizito kwenye kaunta ya kwao wenyewe, kikachimba ufa wa urefu wa kiganja. "Umenitia aibu," baba yake alisema akicheka. "Jikoni kwa Fundi Laini kuna kovu!" Akatafuta kopo lenye rangi iliyolingana. Kahawia ya chai. Akachanganya na gundi, akajaza ufa, akapiga msasa, na jioni ile hata yeye mwenyewe hakuweza kuonyesha ufa ulikuwa wapi.

Siku ya tatu, Jumapili, Redio alikuwa anapika mchana.

"Baba, nisogezee ile... ile nyeupe. Ya kutia kwenye mboga."

"Chumvi?"

Akamtazama baba yake akisubiri amalizie, kana kwamba amemtajia kitu kwa lugha ya watu wengine. Kisha akacheka. "Hiyohiyo. Nimezeeka kabla yako."

Kesho yake kilikwenda kijiko. Keshokutwa ikaenda Jumanne, akabaki anasema "ile siku inayofuata ya kwanza." Wote wawili walifanya mzaha, maana mzaha ulikuwa mwepesi kuliko kuulizana. Ijumaa alirudi kutoka shuleni macho yamevimba. Alikuwa anawahadithia watoto habari za mnyama mdogo mwenye masikio marefu, mjanja, na jina la mnyama likakataa kuja. Watoto arobaini wakapiga kelele kumtajia, sungura, mwalimu, sungura, naye aliwasikia wanapiga kelele tu, wakadhani ni mchezo, wakacheka mpaka akatoka nje. Mwezi haujaisha mwalimu mkuu alimwita pembeni. "Nenda ukapumzike kidogo, mwanangu. Lakini nikuambie ukweli, ukirudi hivi itabidi nitafute mwingine. Mwalimu wa chekechea ni mdomo."

Siku hiyo hakuongea akipika. Fundi alikaa kibarazani akasikiliza, na kilichomfikia kilikuwa mgongano wa vyombo tu.

Mchana uliofuata Redio alikuwa amelala chumbani kwake, na baba yake aliingia jikoni kumchotea maji, jua la utosi limelijaza dirisha, hakuna kivuli, hakuna mtu njiani, hata kuku wa jirani wamenyamaza, na alipoweka mkono juu ya kaunta akahisi mbao ina joto la mwili, si la jua, joto la shavu la mtu, kisha ile harufu ya mdomo ulioamka ikapanda ikamfunika uso, na kutoka chini ya kiganja chake, kwa sauti ya binti yake, ile sauti ya darasani, changamfu, ya kumfundisha mtoto kutamka, mbao ikasema, "Chumvi." Ikatulia kidogo. "Kijiko. Jumanne. Sungura," na ikaendelea kutaja moja baada ya jingine yale yote aliyokuwa ameyapoteza, na mengine ambayo baba hakujua bado kwamba yamepotea, bila haraka, kama mtu anayeonja, huku kule chumbani mwenye sauti hiyo akikohoa usingizini.

Aliondoa mkono wake, akachukua patasi, akachimba lile jazo lote kutoka kwenye ufa, akalirudisha kwenye kopo, akaliweka kopo nje kwenye mwisho wa uwanja. Saa sita ya kesho yake kaunta ikasema, "Dirisha." Ndipo alipokumbuka jambo ambalo fundi yeyote wa msasa analijua, kwamba vumbi halikusanyiki lote. Lilikuwa kwenye nguo zake. Lilikuwa ndani ya nyuzi za mbao, kwenye pua zao, kwenye mapafu.

Akamwita mtaalamu wa majini, mzee nadhifu mwenye mkoba, ambaye alikuwa na kibao cha matangazo njia panda. Mtaalamu alifukiza jikoni pote, akavua viatu, akasimama mbele ya kaunta saa sita kasoro dakika moja.

"Ni kidogo hiki," alinong'ona. "Nimeshatoa vikubwa zaidi. Wewe usiseme kitu."

Akaanza maneno yake, yale aliyoyasema kwa miaka thelathini kila penye shida. Alisema la kwanza, akasema la pili, na kwenye la tatu mdomo wake ukabaki wazi. Akarudi mwanzo. Akafika palepale akakwama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso likashuka mpaka kidevuni. Halafu chini ya kaunta, kwa sauti ya mtaalamu mwenyewe, taratibu na kwa heshima zote, neno lake la tatu likatamkwa.

Alitoka na kiatu kimoja. Fundi alimkuta getini ameshika nguzo.

"Sikiliza," mtaalamu alisema, midomo imekauka. "Kile hakikuja chenyewe. Kimebebwa. Rudi ulikokitoa, usiniite tena." Kisha, akiwa amegeuka kwenda, akarudi hatua moja na kuongeza kwa aibu, "Na watu wakikuuliza, tafadhali, sema nilimaliza."

Fundi hakuhitaji kufikiri ni wapi. Alichukua lile kopo uwanjani, akalifunga kwenye mfuko, akaenda. Na nia yake nitaieleza kama ilivyokuwa, sitaipamba. Alikuwa anakwenda kuwarudishia kitu chao; kilikuja na wingi wa vumbi lile, na wingi wake ukirudi, nacho kitarudi. Ataomba maji ya kunywa, atabaki jikoni dakika moja, atamwaga vumbi nyuma ya kaunta yao, atarudi nyumbani kwa binti yake. Ameshawatendea vibaya mara moja bila kujua vizuri, alijiambia, mara ya pili haitakuwa ngeni.

Nyumba ile ilikuwa na furaha. Mkamwana alimpokea kwa mikono miwili. "Fundi, ulituletea baraka! Tangu siku ile mama hakwaruzi tena. Anakula, analala." Mtoto wa kike wa miaka mitatu alikuwa chini ya kaunta anacheza na vifuniko, anaongea peke yake bila kikomo, anavigombeza vifuniko kwa jinsi vinavyokaa vibaya.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Alimtazama fundi, akautazama mfuko, na uso wake ukaanguka. Mkamwana alipotoka kwenda kuchota maji, bibi akamshika fundi kiganja, akakivuta mpaka kwenye mkono wa kiti. Kwenye mshono wa nguo yake alikuwa na msumari. Akautoa. Akagusa midomo yake kwa vidole viwili, akavuta kitu kisichoonekana kutoka mdomoni, akakilaza juu ya mbao, akapiga mstari juu yake. Mmoja. Kisha akamwonyesha mtoto pale chini anayebwabwaja, akamwonyesha kwa kidole chumba hadi chumba, wanawe wote, na kila mara akajigusa mdomo wake mwenyewe na kuvuta. Wao wasichukuliwe. Achukuliwe yeye. Neno moja kwa siku, kwa hiari yake, na mstari wa kulifungia.

Fundi akaelewa kile alichokuwa amekisugua kwa msasa namba themanini. Miaka ya mwanamke huyu. Kila neno alilolitoa kwa ajili ya watu waliomwambia atulie.

"Nilijua," alinong'ona. "Mama, niliona kwamba si mikwaruzo. Nikawasha mashine."

Bibi aliweka viganja viwili juu ya mfuko wenye kopo na kusukuma, taratibu, kuelekea mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anamwomba. Mtoto chini ya kaunta akasema, "Babu, kifuniko hiki hakisikii," na fundi akaona kwamba nguvu za kumwaga vumbi lile hapa hana. Alinyanyuka, akarudi nyumbani nalo.

Saa sita ya siku iliyofuata, Redio akiwa amelala, alisimama mbele ya kaunta yake na msumari. Neno la kwanza alilotoa lilikuwa jina la fundi mwenzake aliyewahi kumchafulia sifa kwa wateja. Alilitamka, akapiga mstari, na jina likatoka kichwani mwake kama jino bovu. Jioni Redio akafungua kabati na kusema, "Chumvi imeisha." Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Baba! Chumvi! Chumvi, chumvi, chumvi!" Akazunguka jikoni akiimba chumvi, na baba yake akacheka mpaka akakaa chini.

Mstari mmoja, neno moja la Redio likarudi. Baada ya wiki saba alikuwa amerudishiwa yote, na shule ikamrudisha pia. Mtaa mzima ukajua kwamba mtaalamu wa majini amefukuza jini jikoni kwa Fundi Laini. Mtaalamu aliongeza habari hiyo kwenye kibao chake. Fundi hakukanusha. Angemwambia nini Redio? Unamjua mtoto yule: angesikia tu, siku hiyohiyo angesimama mbele ya kaunta na msumari wake. Basi alimwacha aamini. Akanunua kitambaa cha plastiki chenye maua, akakitandika juu ya mistari, na kila saa sita, mwalimu akiwa darasani au sokoni, alikifunua.

Maana hakikuondoka. Siku asiyopiga mstari, Redio alirudi na neno limepungua.

Mwanzoni alikuwa bahili na mjanja. Alitoa maneno ya bure, parachuti, kongamano, mfalme, maneno ambayo mzee wa msasa hatayahitaji mpaka anaingia kaburini. Aliona amempata jini. Mwaka mmoja ulipita hivyo. Kisha ya bure yakaisha, akaanza kutoa ya kazi, randa, gundi, patasi, na kazi ikamwacha, kwa kuwa fundi asiyeweza kumwambia mteja anachotaka kufanya anaonekana mgonjwa. Katika wiki moja mbaya, akibana yale aliyoyapenda, alitoa neno mstari, akatoa neno jini, akatoa vumbi, akatoa hatari. Alifikiri, haya sina wa kumwambia, ya nini? Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko kuwasha mashine. Siku alipoamua kwamba amwambie binti yake sasa, kabla hajachelewa, alimketisha, akafungua mdomo, na hakukuwa na neno hata moja la kulitumia. Alichukua kalamu. Mkononi nako maneno hayakuwepo.

"Pole pole, baba," Redio alimwambia, akimpapasa mgongo. "Daktari amesema ni ubongo. Usijilazimishe."

Mwaka wa nne akatoa jina la mkewe. Alilia siku hiyo, na kesho yake hakujua vizuri alilia nini. Akatoa maji, akatoa mkono, akatoa hapana. Lile moja alilolificha nyuma ya yote, akilizungushia ulimi usiku na mchana ili lisimponyoke, lilikuwa mwanangu.

Likizo ya shule ilimkuta amebakiwa na hilo tu. Redio alikuwa nyumbani, akaamua kufanya usafi mkubwa, na asubuhi moja akavuta kile kitambaa cha plastiki akakioshe.

Mistari ilikuwa imeijaza kaunta kutoka ukutani mpaka kwenye sinki. Akageuka kumtazama baba yake kwenye kiti, ambaye alikuwa na msumari mfukoni, na akalia kwa uchungu, si kwa hasira.

"Oo, baba. Wewe? Kaunta yako mwenyewe?" Akaja akapiga magoti mbele yake. "Mtu aliyelainisha kaunta za mji mzima! Hapana. Huwezi kumalizia siku zako na hili mbele ya macho. Nitaiondoa mwenyewe. Unakumbuka kigoda? Mkali kwanza, wa kati, laini."

"Mwanangu," fundi akasema.

"Nipo, baba."

Alikwenda chumba cha vifaa akarudi na mashine ya baba yake, ameifuta vumbi. Fundi akaanza kugonga kijiko cha uji wake juu ya mkono wa kiti. Ko, ko, ko. "Mwanangu! Mwanangu!" Aliita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka shingo ikasimama mishipa, na binti yake alimtazama juu ya bega, macho yamejaa machozi ya upendo, akamwambia yupo, yupo hapahapa, haendi popote, asiogope kelele ya mashine, ataimaliza upesi, na alipoona kijiko hakikomi akakisogeza kiti chake karibu na dirisha, akambusu kwenye paji la uso, akasema kwa upole ule wa kusema na watoto wake wa darasani, "Baba, tulia."

Alikuwa amefunzwa vizuri. Alifuata nyuzi za mbao. Alilowesha, akasubiri zisimame, akarudia na laini. Safu kwa safu mistari ikatoka, mfalme na randa, jina la mama yake, maji, mkono, na jua likawa linapanda dirishani mpaka likakaa utosini. Akazima mashine. Akachukua brashi, akakusanya vumbi lote bila kuacha, akalitia kwenye kopo, akabana mfuniko, akaandika rangi juu yake. Kuku wa jirani walikuwa wamenyamaza. Harufu ya mdomo ulioamka ikaanza kujaa jikoni.

Fundi alijikokota kutoka kwenye kiti. Alifika kwenye kaunta na msumari wake, tayari kutoa lile la mwisho, lile aliloliapia kwamba atazikwa nalo, ameshafungua mdomo na ncha ya msumari imeshagusa mbao, na Redio akamdaka kiganja. Akamfungua vidole kimoja kimoja, bila nguvu. Akautia msumari mfukoni mwa aproni yake.

"Usikwaruze tena," alimwambia kwa upole. "Tazama ilivyo laini. Nimekutengenezea wewe..."

Midomo yake ikabaki wazi, inatafuta neno alilolisema kuliko maneno yote ya maisha yake. Na nyuma yake, juu ya kaunta, chini ya mfuniko uliobanwa, kopo likammalizia kwa sauti yake mwenyewe, ile changamfu ya darasani.

"Baba."